Mwanya, Pengo na Jaruba: Istilahi za Elektroni katika Tabaka Nyembamba za Nusukipitishi

Makala hii inakusudia kuwaeleza watafsiri, walimu na watumishi wa serikali istilahi chache za fizikia ambazo hadi sasa hazijatulia katika Kiswahili. Zinahusu mwenendo wa elektroni ndani ya tabaka nyembamba mno za nusukipitishi, na jinsi mwenendo huo unavyochunguzwa kwa kutumia mwanga. Huenda msomaji akadhani kwamba jambo hili ni la maabara za ng'ambo tu, wala halimhusu mtu anayetafsiri nyaraka Dodoma au anayefundisha darasa lenye watoto sitini. Dhana hiyo si sahihi, nasi tutaanza kuiondoa kwa kufika Usevya.

Usevya iko katika Halmashauri ya Wilaya ya Mpimbwe, Mkoa wa Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Ukitoka Mpanda kuelekea kusini unapita Sitalike, unavuka Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kisha unaingia katika bonde la Ziwa Rukwa, nchi ya Wapimbwe na ya wakulima wa mpunga waliohamia kutoka pande mbalimbali, hasa Usukumani. Usiku wa huko zamani ulikuwa wa kibatari na karabai. Hata Mpanda mjini, kwa miaka mingi, umeme ulitoka katika majenereta ya dizeli. Nilifika Usevya kwa kazi ya kukusanya maneno ya kilimo, si ya fizikia. Lakini jioni nilikaa barazani kwa fundi mmoja wa simu na redio aliyekuwa akitengeneza taa ya sola. Alipoifungua akanionyesha vile vidude vya manjano vilivyopangwa kwenye ubao wake, akauliza: "Mwalimu, ninyi watu wa lugha, hiki kinachowaka humu ndani mnakiitaje?"

Nilijibu "diodi", naye akaridhika kwa heshima tu. Swali lake lilikuwa zito kuliko jibu langu. Chini ya ule unga wa manjano mna kipande kidogo kuliko punje ya mchele. Ndani ya kipande hicho mna tabaka za galiamu naitraidi, na katikati ya tabaka hizo zimelazwa nyingine zilizotiwa indiamu, kila moja ikiwa na unene wa nanomita 2 au 3 hivi. Karatasi ya gazeti hili, tukiikadiria kuwa na unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, ni nene kuliko tabaka hizo zaidi ya mara elfu thelathini. Ni humo, katika wembamba huo, ambamo mwanga huzaliwa. Kwa hiyo kile ambacho vitabu vya chuo kikuu hukitaja kama jambo la hali ya juu kinauzwa Usevya dukani, pamoja na sabuni na chumvi, nacho hakina jina.

Tuanze na neno nusukipitishi. Vitu kama shaba hupitisha umeme kwa wepesi, navyo huitwa vipitishi. Vitu kama kioo na plastiki huuzuia, navyo huitwa vihami. Kati yao kuna vitu kama silikoni na galiamu asenaidi ambavyo hupitisha umeme vikichochewa kwa joto, kwa mwanga, au kwa kutiwa chembe chache za elementi nyingine. Wako wanaopendelea kusema nusukondakta. Nilipolitamka neno hilo mbele ya walimu wa Usevya walicheka, na mmoja akauliza kama nusukondakta hutoza nusu nauli. Kicheko hicho ni ushahidi wa kutosha. Neno kondakta limekwisha kukaliwa na mtu wa kwenye basi, nalo halina sababu ya kumhamisha. Nusukipitishi inaeleweka kwa yeyote anayejua maana ya kupitisha, na inakaa vizuri pamoja na kipitishi na upitishaji.

Ugumu wa kweli huanza tunapoingia ndani ya nusukipitishi. Elektroni zake haziruhusiwi kuwa na nishati yoyote zipendayo. Liko kundi la chini la viwango vya nishati, ambalo kwa kawaida limejaa elektroni zilizoshikamana na atomu; na liko kundi la juu, ambalo elektroni ikifika huwa huru kutembea na kupitisha umeme. Kati ya makundi hayo mawili kuna eneo ambalo hakuna elektroni inayoweza kukaa. Upana wa eneo hilo ndio unaoitambulisha kila nusukipitishi: katika galiamu asenaidi ni elektronivolti 1.42 kwa joto la kawaida la chumba, katika galiamu naitraidi ni takriban 3.4. Elektroni ikipewa nishati ya kutosha huruka kutoka chini hadi juu, na kule chini ilikotoka hubaki nafasi tupu. Nafasi hiyo nayo hutembea, kwa maana elektroni ya jirani huijaza na kuacha nafasi nyingine nyuma yake, na wanafizikia huihesabu kama chembe yenye chaji chanya.

Tunahitaji basi majina mawili: la lile eneo lisilokalika na la ile nafasi iliyoachwa. Yafaa nikiri hapa kwamba miaka michache iliyopita niliandaa rasimu ya tafsiri ya kijitabu cha sayansi, nikatumia neno shimo kwa nafasi iliyoachwa, na shimo hilohilo kwa ile tabaka nyembamba ambamo elektroni hutumbukia. Matokeo yake yalikuwa sentensi isemayo kwamba elektroni huanguka katika shimo, ikakutana na shimo, zote mbili zikatoweka na mwanga ukatoka. Mhariri aliirudisha rasimu yangu akiwa ameandika pembeni alama moja tu ya kuuliza. Hakukosea. Mtafsiri anayeona maneno mawili ya kigeni akayapa neno moja la Kiswahili, hata kama kila moja peke yake linafaa, ameharibu kazi yote.

Nikashauriwa kutumia pengo. Lakini pengo nalo lilikuwa likitumiwa kwa lile eneo lisilokalika, kama tunavyosema pengo la mapato kati ya matajiri na maskini. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo kila Mswahili analijua kinywani mwake. Mtu akizaliwa na nafasi kati ya meno yake mawili ya mbele, husemwa ana mwanya. Mtu aking'olewa jino, husemwa ana pengo. Mwanya ni nafasi ya maumbile. Hapakuwa na jino pale wala halitarajiwi, na wengi huuhesabu kuwa urembo. Pengo ni nafasi ya kitu kilichokuwapo kikaondoka. Sidhani kama lugha nyingi zimeigawa dhana hii kwa usahihi kiasi hicho, na fizikia inaudai mgawanyo huohuo. Lile eneo kati ya makundi mawili ya nishati halijawahi kuwa na elektroni: ni mwanya wa nishati. Ile nafasi iliyoachwa na elektroni iliyoruka ni pengo, kwa maana ileile ya jino lililong'oka.

Pingamizi lipo. Baadhi ya walimu wamekwisha kuzoea kusema pengo la nishati, na mazoea ni nguvu katika lugha. Naamini hata hivyo kwamba istilahi hii bado ni changa kiasi cha kuweza kugeuzwa. Haijaenea kama neno mkongo, kwa mfano, ambalo tangu ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulipoanza mwaka 2009 limekuwa mali ya wananchi wote, wala hakuna kamati itakayoweza tena kulirudisha kuwa kebo.

Sasa tuzitazame tabaka zenyewe. Chukua nusukipitishi yenye mwanya mwembamba, uiweke iwe tabaka nyembamba sana katikati ya nusukipitishi nyingine yenye mwanya mpana. Elektroni iliyomo katika tabaka ya kati hujikuta imezuiwa juu na chini: ili itoke, lazima ipate nishati ya ziada ambayo kwa kawaida haina. Inaweza kukimbia itakavyo katika upana wa tabaka, mbele na nyuma, kulia na kushoto, lakini kwa upande wa unene imebanwa. Na elektroni, kama ilivyofahamika tangu miaka ya 1920, ina tabia ya wimbi. Wimbi lililobanwa kati ya kuta mbili halikubali kila umbo. Hukubali yale tu yanayoenea sawasawa kutoka ukuta hadi ukuta.

Mpiga zeze analijua jambo hili kwa vidole vyake. Uzi wa zeze hautoi sauti yoyote tu, bali sauti ya urefu wake. Akiubana kwa kidole ukafupika, sauti hupanda. Vivyo hivyo, kadiri tabaka inavyokuwa nyembamba ndivyo nishati ya chini kabisa ya elektroni inavyopanda. Mfano huu una mpaka wake, na mwalimu asiufiche: uzi ukikatwa nusu, marudio ya sauti huwa mara mbili, unene wa tabaka ukipunguzwa nusu, nishati hiyo ya kubanwa huwa mara nne, ikiwa kuta tunazihesabu kuwa ngumu kabisa. Kwa galiamu asenaidi yenye unene wa nanomita 10, hesabu hiyo ya kuta ngumu inatoa takriban elektronivolti 0.056 kwa daraja la kwanza, na mara nne yake, yaani 0.22, kwa daraja la pili. Kuta halisi si ngumu kabisa, kwa hiyo tarakimu halisi ni ndogo kuliko hizo.

Nishati ya namna hii, inayopanda kwa madaraja na si kwa mteremko, ndiyo asili ya neno kwanta. Max Planck aliileta dhana hiyo mwaka 1900, na Albert Einstein akaitumia kwa mwanga mwaka 1905. Imewahi kunijia fikra kwamba badala ya kwanta tungesema kibaba, kwa kuwa kibaba ni kipimo cha nafaka ambacho muuzaji hakigawi. Nimeiacha. Kibaba ni kimoja kwa wauzaji wote, ilhali kifurushi cha nishati ya mwanga hutofautiana kwa rangi: cha buluu ni kikubwa kuliko cha nyekundu. Pale ambapo neno la nyumbani linadanganya, neno la kigeni lililonyooshwa kwa matamshi yetu ni bora.

Je, nani aliyeona madaraja hayo, na kwa jicho gani? Elektroni haionekani. Njia iliyopatikana ni kuiuliza kwa mwanga. Fizikia ya tabaka hizi ilisukumwa mbele na pendekezo la Leo Esaki na Raphael Tsu mwaka 1970, la kupanga tabaka nyingi kwa zamu, na pia na ufundi wa kuzijenga tabaka safu kwa safu ya atomu ndani ya chombo kisicho na hewa, ufundi uliokuzwa na Alfred Cho na wenzake katika maabara za Bell huko Marekani. Mwaka 1974, katika maabara hizohizo, Raymond Dingle, William Wiegmann na Charles Henry walipitisha mwanga katika tabaka za galiamu asenaidi zilizopozwa karibu na sifuri kabisa ya joto, wakapima ni kiasi gani cha kila rangi kilichofyonzwa. Tabaka nene, la nanomita 400, lilifyonza kwa namna ya kawaida. Tabaka za nanomita 21 na 14 zilionyesha ngazi: ufyonzaji uliruka, ukatulia, ukaruka tena. Kila mruko ulikuwa ni daraja moja la elektroni iliyobanwa. Yale yaliyokuwa mazoezi ya hesabu katika vitabu vya wanafunzi yakawa yamechorwa na chombo kwenye karatasi. (Mwaka huohuo wa 1974 Katavi ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Mambo haya mawili hayana uhusiano wowote, ila mwalimu wa Usevya anayetafuta namna ya kuwakumbusha wanafunzi mwaka huo anaweza kuutumia.)

Iko njia ya pili, nayo ni kinyume cha ya kwanza. Badala ya kutazama mwanga uliofyonzwa, mchunguzi hutazama mwanga unaorudishwa. Leza huinua elektroni hadi kundi la juu. Elektroni huanguka katika tabaka nyembamba, hukutana na pengo, hulijaza, na nishati iliyobaki hutoka kama fotoni moja. Rangi ya fotoni hiyo hutoboa siri ya tabaka: mwanya wake, unene wake, hata kama kuta zake ni laini au zimekwaruzika. Istilahi tunayopendekeza kwa tendo hili ni mng'ao kwa mwanga, ili itofautiane na mng'ao wa taa, ambao huchochewa na umeme. Mara nyingi elektroni na pengo, kabla ya kutoweka, huzungukana kwa muda mfupi kama jozi iliyoshikana. Jozi hiyo inaitwa eksitoni, na sioni sababu ya kuitafutia jina jingine. Katika tabaka nyembamba jozi hubanwa zikashikana kwa nguvu kuliko katika kipande kinene, ndiyo maana alama yake huonekana hata katika joto la chumba.

Kwa matumizi ya darasani iko hesabu rahisi: gawanya 1240 kwa urefu wa wimbi la mwanga katika nanomita, utapata nishati ya fotoni katika elektronivolti. Mwanga wa buluu wa taa yetu ya Usevya una urefu wa wimbi wa nanomita 450 hivi, nayo ni sawa na elektronivolti 2.76. Galiamu naitraidi tupu, kwa mwanya wake wa 3.4, ingetoa mwanga wa nanomita 365, ambao ni urujuanimno na jicho haliuoni. Indiamu iliyotiwa katika tabaka nyembamba hupunguza mwanya, na unene wa tabaka hurekebisha kilichobaki. Kazi hiyo haikuwa rahisi. Taa nyekundu ya namna hii ilipatikana mwaka 1962 kwa kazi ya Nick Holonyak. Buluu yenye nguvu ilisubiri hadi miaka ya 1990, nayo iliwapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Kabla yao, mwaka 2000, Zhores Alferov na Herbert Kroemer walituzwa kwa kazi yao ya kuunganisha nusukipitishi za aina mbalimbali katika tabaka. Faida yake anaijua kila mwenye betri ndogo: balbu ya waya hutoa takriban lumeni 15 kwa kila wati, na taa za LED za leo hutoa zaidi ya 100. Bila tofauti hiyo paneli ndogo ya juu ya bati isingeweza kuangaza nyumba hadi saa nne za usiku.

Tumefika kwenye istilahi iliyotusumbua kuliko zote, yaani jina la ile tabaka inayoibana elektroni. Mataifa mengine yamelitoa jina hilo kila moja katika ua wake. Waingereza, Wafaransa na Wajapani husema kisima. Warusi husema shimo. Wajerumani wamezoea kusema chungu. Katika Kiswahili wengi wetu tumeandika kisima cha kwanta, kwa kufuata Waingereza, na hatukusita. Nami sikusita, mpaka nilipojaribu kueleza jambo lenyewe barazani Usevya.

Ubaya wa kisima ni huu. Kinatokana na mchoro, si na kitu. Ukichora nishati ya elektroni kwa kufuata unene wa tabaka, mstari hushuka ghafla, huenda sawa, kisha hupanda ghafla. Umbo hilo ni kama kisima kilichokatwa kwa msumeno. Lakini msikilizaji ambaye hajauona mchoro hufikiri kitu chenyewe. Kisima anachokijua ni chembamba pande zote na kirefu kwenda chini. Elektroni katika kitu cha umbo hilo ingebanwa pande mbili na kuwa huru upande mmoja tu, na hiyo si tabaka. Hiyo ni waya. Zaidi ya hayo, kisima ni mahali pa kuteka. Fundi wangu aliposikia kisima aliuliza papo hapo ni nani huteka, na maji hutoka wapi.

Neno nililolikuta mbele ya macho yangu, kilomita chache tu kutoka barazani, ni jaruba. Mashamba ya mpunga ya bonde la Rukwa yamegawanywa majaruba, au majaluba kama wasemavyo wengi huko: vipande vilivyosawazishwa na kuzungushiwa matuta ili maji yakae. Maji ya jaruba huenea mbali kwa urefu na kwa upana, lakini kina chake ni kifupi, hakimfiki mtu magotini. Huru pande mbili, yamebanwa upande wa tatu: hiyo ndiyo hali ya elektroni. Neno hili limo katika kamusi zetu na linajulikana kwa wakulima wa mpunga hata nje ya bonde hilo. Nalo linafuata desturi yetu njema ya kutafuta kwanza nyumbani, kabla ya kubisha mlango wa jirani, kama tulivyopata kitivo kutoka Upare na Usambaa, au ngeli kutoka Uhaya.

Mwalimu mmoja wa sekondari, ambaye hufundisha kwa Kiingereza na kueleza kwa Kiswahili kama walimu wengi wafanyavyo, alinipinga. Alisema kuta za jaruba ni matuta, na matuta yako kando. Lakini wewe unatuambia kuta za elektroni ziko juu na chini. Je, mwanafunzi hatapotoka? Nilikaa na swali hilo siku mbili. Jibu langu ni kwamba matuta ya jaruba yanalingana na kingo za kipande chenyewe cha nusukipitishi, ambazo kwa elektroni ziko mbali mno. Kinachoyabana maji kwa kina ni udongo wa mfinyanzi chini yake, usiopitisha maji, na uzito wa maji yenyewe usioyaruhusu kupanda. Mwalimu alikubali nusu. Alisema ataendelea kuandika kisima ubaoni, kwa sababu ya mtihani, na chini yake atachora jaruba.

Pendekezo langu basi ni kuyagawia maneno hayo kazi. Ule mchoro wa nishati unaoshuka na kupanda, katika fizikia yote, uitwe kisima cha nishati. Tabaka halisi, ile inayojengwa na kuuzwa ndani ya taa, iitwe jaruba la kwanta. Nusukipitishi inayoizunguka iitwe kingo, si ukuta, kwa kuwa elektroni hupenya kidogo ndani yake, nao ukuta haupenywi. Elektroni ikibanwa pande mbili, umbo hilo ni waya wa kwanta. Ikibanwa pande zote tatu, ni nukta ya kwanta, ambayo uvumbuzi na utengenezaji wake uliwapatia Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023.

Yako maneno mengine ambayo mtafsiri ayaendee kwa hadhari. Tabaka likiwa na wingi wa matabaka, msomaji aliyekulia katika hotuba za miaka ya Azimio la Arusha husikia mabwanyenye na wafanyakazi. Kwa hiyo katika fizikia tuseme tabaka hizi, tabaka nyembamba, na matabaka tuyaachie siasa. Mwanga na nuru ni ndugu, lakini nuru imekwisha kupewa kazi katika dini na ushairi. Tuseme mwanga, ingawa wazee wa pwani watakumbusha kwamba mwanga ni mchawi pia. Ule unga wa manjano juu ya kipande cha taa, ambao hupokea mwanga wa buluu na kuurudisha ukiwa wa manjano ili macho yauone mchanganyiko wake kuwa mweupe, usiitwe fosforasi. Fosforasi ni elementi. Unga huu ni kitu kingine, na jina la unga mng'avu linatosha. Nimeona kijitabu kilichowaonya wananchi juu ya sumu ya fosforasi katika taa za sola kwa sababu ya kosa hilo moja la tafsiri. Wala paneli ya sola isichanganywe na jaruba: paneli za kawaida ni za silikoni nene, nazo hupokea mwanga na kutoa umeme, ilhali taa hupokea umeme na kutoa mwanga.

Kwa kuzijaribu istilahi hizi niliandika upya ile sentensi iliyorudishwa na mhariri, nikaisoma barazani kwa fundi. Ilisema: "Umeme huivusha elektroni mwanya wa nishati na kuitia katika jaruba la kwanta; humo hukutana na pengo, hulijaza, na nishati iliyobaki hutoka ikiwa mwanga wa buluu." Fundi aliuliza jambo moja tu, kama pengo nalo limo ndani ya jaruba au liko nje. Limo ndani: jaruba huzibana elektroni kwa juu ya mwanya na mapengo kwa chini yake, na ukaribu huo ndio unaozifanya zikutane upesi. Ni swali ambalo sentensi ya mashimo mawili isingeweza kumwezesha mtu kuliuliza.

Istilahi za jaruba la kwanta, mwanya wa nishati, pengo, kingo, mng'ao kwa mwanga na unga mng'avu bado ni mapendekezo. Walimu wa fizikia na watafsiri wanaombwa kuzitumia katika maandishi yao kwa majaribio, na kuleta maoni, hasa kuhusu jaruba na kisima, kabla hazijapelekwa katika kikao cha usanifishaji. Watakaopendelea kisima wanaombwa waeleze pia waya wa kwanta watauchoreaje.